Wasanii wa Wajir na mtego wa majengo matupu

WASANII wanapokosa ukumbi, huvutiwa na njia ya mkato: kuingia katika jengo lililotelekezwa na kulifanya lao. Ndivyo ilivyokuwa Berlin, Ujerumani, Februari 1990, miezi mitatu baada ya Ukuta kuanguka. Wasanii walivamia gofu la duka kubwa lililokuwa likisubiri kubomolewa, wakaliita Tacheles. Walichora, wakachonga, wakaigiza, na watalii wakamiminika. Ardhi ilipopanda bei, mwenye hati alikumbukwa. Septemba 2012 wasanii wa mwisho walifurushwa.

Vijana wa Wajir wakiiga mfano huo watakwama mapema zaidi. Nchini Kenya, anayekalia ardhi ya mtu binafsi waziwazi, bila ruhusa, kwa miaka 12 mfululizo, aweza kuomba mahakama imtambue kuwa mwenyewe. Sura ya 22 ya sheria haitoi nafuu hiyo dhidi ya ardhi ya serikali. Kikundi kitakachoingia katika nyumba kuukuu ya ofisa wa serikali kinaweza kuipaka rangi kwa miaka 30, kisha kikaondolewa kwa ilani ya miezi mitatu.

Kuna watakaosema kwamba ushairi wa Kisomali haukuhitaji kuta. Ni kweli, gabay na buraanbur ya akina mama zilistawi penye kivuli na masikio. Lakini kurekodi, kuchora na kuigiza kunahitaji chumba chenye mlango. Isitoshe, huku ni Kaskazini Mashariki, ambako hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 iliacha sheria zake hadi miaka ya mwanzo ya 1990, na mauaji ya Wagalla ya Februari 1984 yakawafunza watu kuogopa kukusanyika.

Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani. Basi Wajir yaweza kuwapa wasanii jengo la umma kwa mkataba wa maandishi wa miaka kadhaa, jambo ambalo wavamizi wa Berlin hawakulipata kwa kudumu.

Hata hivyo, mkataba huo usomwe kwa makini. Kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji walijijengea jukwaa kwa mikono yao mwaka 1977. Tingatinga hazikuja hadi Machi 1982, ila kibali cha mchezo wa Ngaahika Ndeenda kilikuwa kimefutwa tangu Novemba 1977.