Mamluki Si Shujaa

Sinema ya The Wild Geese ilitoka mwaka 1978. Ilitengenezwa kwa ushirikiano wa Uingereza na Uswisi, na picha zake zilipigwa Afrika Kusini enzi za ubaguzi wa rangi. Richard Burton, Roger Moore na Richard Harris ni mamluki, askari wa kukodiwa, wanaoshuka kwa miamvuli kumwokoa Limbani, kiongozi wa Kiafrika aliyefungwa. Ni sinema ya zamani, lakini nimewasikia vijana wa Hagadera, kule Garissa, wakiisifu. Siombi ipigwe marufuku. Naomba wazee wakae na vijana hao wawasimulie yasiyoonyeshwa.

Mshauri wa sinema hiyo alikuwa mamluki wa kweli, Mike Hoare. Mwaka 1964 aliongoza askari wa kukodiwa katika Kongo dhidi ya waasi wa Simba. Novemba 1981 alitua Shelisheli na wenzake wakijifanya watalii, bunduki zimefichwa mabegini. Bunduki moja ikaonekana forodhani. Mapigano yakazuka, nao wakakimbia kwa kuteka ndege ya abiria.

Ndugu zetu wa Ngazija waliyaona makubwa zaidi. Mei 1978 Mfaransa Bob Denard aliipindua serikali yao, na baada ya siku chache Rais Ali Soilih akauawa. Denard akasilimu, akajiita Said Mustapha Mahdjoub, na watu wake wakawa ndio walinzi wa Rais Ahmed Abdallah. Novemba 1989 rais huyo naye akauawa, Denard akiwa papo hapo. Mahakama ya Paris ilimwachilia mwaka 1999. Ya moyoni anayajua Mola, lakini mwaka 1995 alirudi tena Ngazija na silaha.

Kwa nini nawakumbusha haya watu wa Hagadera? Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1992 kwa waliokimbia vita vya Somalia. Mwaka 2009 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba vijana wa kambi za Dadaab, wengine wakiwa watoto, walikuwa wakiandikishwa kwenda kupigana Somalia kwa ahadi ya mishahara mikubwa. Serikali ya Kenya ilikanusha. Hata hivyo, kijana aliyekulia kambini bila kazi ni mwepesi kuamini ahadi ya namna hiyo, na sinema humpambia.

Lakini sinema yenyewe, ukiitazama vyema, inaonya. Tajiri aliyewakodi mamluki anapatana na adui juu ya machimbo ya shaba, kisha anaamuru ndege iliyokuja kuwachukua igeuze. Wanaachwa uwanjani wauawe.

Basi maimamu, walimu na wazazi, waulizeni vijana: waliouawa uwanjani walipata faida gani? Jibu watalipata wenyewe, kabla hajawafikia mtu mwenye daftari la kuandikisha majina.