Zana na Matunzo Yake: Kichonga Magome Kinapogoma

Seremala wa Mji wa Kale wa Mombasa hanunui ubao kwa kuambiwa. Huulaza juu ya meza, akafumba jicho moja na kuutazama kutoka ncha hii hata ile, kisha akaupitisha kiganja. Ikiwa ubao una mawimbi, huurudisha, au hutaja bei ya kuni. Si kwa ukatili. Ajua ya kwamba ubao wa namna hiyo utamla nusu ya siku kwa kupiga randa, na ukisha kunyooka utakuwa mwembamba kuliko alivyoagizwa.

Wanunuzi wa mbao hawakosekani katika mitaa iliyo karibu na Marikiti, soko lile la kale lililojengwa mwaka 1914 na kupewa jina la MacKinnon, ingawa wenyeji hawakuacha kuliita Marikiti. Wachuuzi wahitaji meza, wauza matunda wahitaji makasha, mahamali wahitaji mikokoteni, na maseremala wahitaji mbao za milango na vitanda. Kadhalika wachongaji wa chama cha ushirika cha Wakamba kule Changamwe, kilichoanzishwa mwaka 1963, hutumia mwarobaini na mwembe kwa kuwa mpingo umekuwa adimu. Kwa hiyo mkulima wa Kwale au Kilifi mwenye mwembe mzee usiozaa tena hana sababu ya kuukata kuni. Mti wa miaka arobaini ni akiba. Lakini akiba hiyo yaweza kupotea kwa asubuhi moja ikipasuliwa vibaya.

Zamani mti kama huo ulipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja amesimama juu ya gogo na mwenziwe yumo shimoni. Siku hizi iko mashine ya kupasua mbao yenye magurudumu, ambayo huvutwa kwa gari mpaka shambani. Kampuni ya Wood-Mizer ya Marekani ilianza kuuza mashine za namna hiyo mwaka 1982, na makampuni mengine mengi yakafuata. Msumeno wake ni utepe wa chuma uliounganishwa ncha kwa ncha, unene wake kama milimita moja tu, ukizunguka juu ya magurudumu mawili. Utepe huo hukata upesi na hupoteza mbao chache kuwa unga, lakini una adui mmoja, naye ni mchanga.

Mchanga wa pwani na gome la mti

Mti ukiangushwa katika ardhi ya pwani na gogo likaburutwa mpaka penye mashine, mchanga huingia katika mianya ya gome na kukaa humo. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko chuma cha meno ya msumeno. Jino likiipiga, makali huondoka. Makali yakiondoka upande mmoja kuliko mwingine, utepe huanza kupanda na kushuka ndani ya gogo, nao ubao hutoka na mawimbi.

Kutoa gome kabla ya kutumia mti si jambo geni katika pwani hii. Boriti za mikoko zilizoezeka majumba ya Mji wa Kale, ambazo urefu wake ndio uliofanya vyumba vingi kutozidi upana wa mita tatu hivi, zilitoka Lamu na kwingineko kwa majahazi, na magome ya mkoko nayo yalikuwa biashara kwa ajili ya kutia ngozi dawa na rangi. Boriti hizo zilipelekwa hata Uarabuni, mpaka Serikali ya Kenya ilipokataza kuziuza nje mwaka 1982. Katika viwanda vikubwa vya Uswidi na Ufini gogo hupitishwa ndani ya pete yenye visu, likatoka limevuliwa gome lote. Mashine ndogo ya shambani haina pete hiyo. Ina kichonga magome.

Kichonga magome ni kisahani kidogo chenye meno magumu, kilichofungwa kwenye mkono mbele ya utepe, upande ule ambao utepe huingilia gogo. Huzungushwa na mota ya umeme inayotumia betri ya mashine, mara nyingi kwa njia ya mkanda wa mpira. Kazi yake si kuvua gome lote, bali kuchonga mfuo mmoja katika gome, mpana kidogo kuliko njia ya utepe, ili meno ya utepe yapite mahali palipo safi. Upande wa pili, ambako utepe hutokea, hakuna haja ya mfuo, maana huko meno huutupa mchanga nje badala ya kuuburuta ndani.

Kifaa hiki kikigoma, wengi hufanya moja kati ya makosa mawili. Wengine hupasua bila kukitumia, na kila baada ya magogo machache hubadili utepe. Wengine hukimbilia dukani kununua mota mpya, kumbe mota ilikuwa nzima. Njia iliyo bora ni kukagua kwa mpango, kuanzia jambo lisilo na gharama.

Kabla ya kugusa chochote

Injini na izimwe, ufunguo utiwe mfukoni mwa yule anayekagua, na waya wa hasi wa betri ufunguliwe. Asithubutu mtu kuondoa gome kwa mkono au kwa kijiti hali kisahani chazunguka. Meno yanayochonga mwembe hayatatambua kidole. Avae glavu na miwani ya kazi. Kikoi na kanzu ni mavazi ya heshima, lakini karibu na mkanda unaozunguka ni hatari. Kazi hii yataka suruali na mikono ya shati iliyokunjwa ikakaza.

Ikiwa hakizunguki kabisa

Kwanza akizungushe kisahani kwa mkono wenye glavu. Kikikataa, sababu si umeme. Mara nyingi huwa ni nyuzi za gome zilizojisokota kati ya kisahani na kifuniko chake. Magome ya mkaratusi ndiyo yaliyo mabaya zaidi, kwa kuwa hutoka marefu kama kamba. Afungue kifuniko, akate nyuzi na kuzitoa zote. Kisahani kikiendelea kukataa ijapokuwa ni safi, basi beringi imekufa, na hiyo sharti ibadilishwe.

Kisahani kikizunguka vyema kwa mkono, ndipo aufuatilie umeme, akianza kwenye betri na kuishia kwenye mota. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha kama volti 12.6, ikishuka hata 12 imekaribia kuisha. Vichwa vyake vitazamwe. Hewa ya chumvi ya pwani huleta kutu ya kijani na nyeupe, na kutu hiyo huzuia umeme ingawa waya waonekana umekaza. Na visafishwe kwa maji ya moto na brashi, vikauke, visuguliwe kwa msasa, vikazwe, kisha vipakwe grisi kidogo kwa juu.

Kutoka hapo atazame fyuzi. Ikiwa imekatika, atie nyingine ya kipimo kile kile. Wapo watu ambao hutia kipande cha waya mahali pa fyuzi, wakafurahi kuona kifaa chazunguka. Furaha hiyo haidumu, maana fyuzi huwekwa ili ife yenyewe badala ya mota. Ikikatika tena, kiko kitu kinachoilemea, nacho ndicho cha kutafutwa. Mwisho atazame swichi, kisha waya pale zinapojikunja kila mkono unapokwenda na kurudi, kwani mahali hapo ndipo huchanika ndani ya mpira pasipo kuonekana kwa nje.

Ikiwa chazunguka hewani na kusimama kikigusa gogo

Dalili hii mara nyingi ni ya mkanda uliolegea. Mota yaendelea kuvuma, kisahani chasimama, na harufu ya mpira unaoungua yasikika. Mkanda na ukazwe kama kitabu cha mashine kisemavyo, wala usikazwe kupita kiasi, maana mkanda uliokazwa mno huua beringi. Ukiwa na mafuta au umepasuka, hauna budi kubadilishwa.

Mota nayo ikipunguza mwendo kila kisahani kinapogusa gome, ziko sababu tatu: betri imechoka, meno yamekufa, au kisahani chazamishwa mno. Injini ikiwa inafanya kazi, volti kwenye betri zapasa kupanda karibu na 14. Zisipopanda, betri haipati chaji. Meno hutambulikana kwa unga wake. Meno makali hutoa vipande vidogo, na meno butu hutoa vumbi na moshi. Ama kuhusu kina, kisahani kilichonge gome na kukoma penye mti. Kikipita hapo, chafanya kazi isiyo yake.

Ikiwa chazunguka, na utepe wafa upesi vile vile

Hili ndilo linalowapoteza wengi, kwa kuwa macho yaona kifaa kinafanya kazi. Dawa yake ni kutazama gogo, si mashine. Mpasuaji na aanze kukata kiasi cha shubiri moja, asimamishe kila kitu, kisha atazame ubavu wa gogo. Njia ya utepe yapasa kuwa katikati ya mfuo. Ikiwa mfuo uko juu au chini yake, utepe wapita katika mchanga kama kwamba kichonga hakipo. Bolti zilegezwe, kisahani kipandishwe au kishushwe, zikazwe, na jaribio lirudiwe. Mashine iliyokokotwa katika njia mbovu yafaa ikaguliwe hivi kila ihamapo, kwani mtikisiko hulegeza bolti.

Tena yafaa kukumbuka kwamba gogo lina pande nne. Kila ligeuzwapo na gome jipya likaja mbele ya utepe, kichonga na kitumike. Gome likisha kwisha pande zote, na kirudishwe nyuma, kipumzike. Gogo lililojaa tope lioshwe au lipigwe brashi kwanza, maana kisahani kidogo hakiwezi kuwa mfagiaji wa shamba zima.

Na ikiwa mfuo u safi, uko mahali pake, na ubao ungali na mawimbi, basi kichonga hakina hatia. Utepe wenyewe utazamwe: huenda haukuvutwa sawasawa, au ulinolewa vibaya, au mpasuaji ausukuma mbio kuliko uwezo wake.

Ikiwa chapiga kelele au chatetema

Injini ikiwa imezimwa, akishike kisahani na kukitikisa huku na huku. Kikicheza, beringi imelika au nati imelegea. Jino moja likiwa limevunjika, kisahani hupiga kama nyundo, nacho huharibu beringi kabla ya juma kwisha. Hutokea jino likavunjika kwa kugonga msumari wa zamani, kwa sababu miembe iliyo karibu na nyumba hupigiliwa misumari ya kuanikia nguo na kufungia mbuzi. Yafaa kumwuliza mwenye mti kabla ya kuanza.

Mkono ukikataa kulifuata gogo au kurudi nyuma, tatizo ni utomvu uliochanganyika na unga wa mbao penye kiungo, au springi iliyochoka. Kiungo kisafishwe kwa mafuta ya taa na kukaushwa, kisha kipakwe mafuta kidogo sana. Grisi nyingi hapo hukamata vumbi, na kesho yake kiungo hukaza kuliko jana.

Matunzo ya kila jioni

Kazi ikisha, kifuniko kifunguliwe na nyuzi zitolewe zingali mbichi, maana zikikauka hukaza kama kamba ya nazi. Meno yahesabiwe. Mkanda uguswe. Vichwa vya betri vipanguswe, na mashine ifunikwe isipatwe na umande wa chumvi. Haya yote hayazidi robo saa, wala hayahitaji kununua kitu.

Robo saa hiyo yaweza kuonekana nyingi kwa mtu aliyechoka ambaye lori lamngoja kwenda kivuko cha Likoni. Lakini na alinganishe hesabu. Utepe mmoja ulioharibika ni pesa. Mbao ishirini zilizokataliwa ni pesa zaidi. Na mwembe uliopandwa na babu hauwezi kupasuliwa mara ya pili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.