Kompyuta Iamkayo Yenyewe

Katika shule nyingi za siku hizi mna kompyuta ofisini, na ndani yake zimewekwa alama za wanafunzi, hesabu za chakula na barua za wazazi. Mchana mashine hiyo haipumziki, maana mwalimu huyu akiondoka huja yule. Walakini ziko kazi zifaazo kufanywa usiku, wakati hakuna mtu aandikaye. Mojawapo ni kunakili alama zote mahali pa pili ili zisipotee. Nyingine ni kuteremsha vitabu kutoka mtandaoni, kwa kuwa kampuni za simu zimepata kuuza vifurushi vya usiku kwa bei nafuu kuliko vya mchana.

Je, nani atakesha mpaka saa nane usiku ili aiwashe? Wengine hawaulizi swali hili. Huiacha kompyuta ikiwaka usiku kucha. Mimi siwasifu. Tuseme mashine yatumia wati 60. Ikiachwa saa kumi na mbili itakula wati-saa 720, na kwa siku 30 zitapotea uniti 21.6 katika luku. Lakini ikiwaka nusu saa tu kila usiku, mwezi mzima itakula uniti 0.9. Fanyeni hesabu hiyo wenyewe katika madaftari yenu. Basi, kwa kuwa kompyuta yaweza kuagizwa kuamka yenyewe, kufanya kazi, kisha kujizima, naona shule zingefanya vema kuiagiza hivyo. Ila mwenye kuiagiza sharti ajue anachokifanya.

Ndani ya kompyuta ya mezani mna saa ndogo isiyolala. Hulishwa na betri bapa mfano wa sarafu, nayo huendelea kuhesabu hata waya ukichomolewa. Hesabu yake hutokana na kipande kidogo cha jiwe angavu, ambacho hutetemeka mara 32,768 kila sekunde. Namba hiyo haikuchaguliwa ovyo. Igaweni kwa mbili, kisha kwa mbili tena, mpaka mara kumi na tano, nanyi mtapata moja kamili. Hivyo ndivyo mashine ipatavyo sekunde yake. Mtu huweka wakati wa kuamka katika ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa mara tu mashine iwashwapo. Wakati huo ukifika, saa huziita sehemu nyingine, nazo huwaka kana kwamba kidole kimebonyeza kitufe.

Lakini angalieni: betri ile ya sarafu ina nguvu ya kuhesabu tu, haina nguvu ya kuwasha mashine. Nguvu ya kuwasha hutoka ukutani. Umeme usipokuwako dakika ile, wakati hupita kimya, wala mashine haiamki.

Tena kuamka si kufanya kazi. Mtu aliyeamshwa asipewe jembe hukaa kitako. Agizo la kazi huandikwa mbali, katika programu ya ratiba. Mifumo ya jamii ya Unix imekuwa na programu iitwayo cron tangu miaka ya 1970, na Windows ina yake. Agizo la kujizima nalo ni la tatu, na hilo ndilo watu hulisahau.

Sasa nifike kwenye jambo litupasalo sisi wasemao Kiswahili kuliko watu wa Ulaya. Sisi twahesabu saa tangu kucha, na ni haki yetu, maana huku karibu na ikweta jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Kompyuta huhesabu tangu saa sita ya usiku. Kwayo saa mbili asubuhi ni 08:00, na saa nane usiku ni 02:00. Mtu akiandika 08:00 akidhani ni saa nane usiku, kazi ya usiku itaanza saa mbili asubuhi, mwalimu akiwa katikati ya kuandika. Kompyuta nyingine huweka saa yao ya ndani kwa saa ya Greenwich, nasi tumeitangulia kwa saa tatu; ukiiagiza kuamka 02:00 itaamka saa kumi na moja alfajiri ya kwetu.

Na siku je? Wazee wa pwani wakisema usiku wa Ijumaa, aghalabu humaanisha usiku uitanguliao Ijumaa. Vijana wengi humaanisha ule uifuatao. Mashine haijui mazungumzo haya. Kwayo siku hugeuka saa sita usiku, hivyo saa nane ya usiku baada ya masomo ya Ijumaa imekwisha kuwa Jumamosi. Ukiagiza kunakili Jumatatu hata Ijumaa saa 02:00, alama zilizoandikwa Ijumaa zitakaa pasipo nakala mpaka alfajiri ya Jumatatu. Agizo sahihi ni Jumanne hata Jumamosi. Nami nadhani kosa hili limo katika ofisi nyingi, wala wenyewe hawana habari.

Chukueni sasa mfano wa Madale, katika wilaya ya Kinondoni, pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako nyumba nyingi zimejengwa miaka ya karibuni. Mwaka 2023 na mwanzo wa 2024 mgao wa umeme ulisumbua nchi nzima. Mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kutoa umeme Februari 2024, shida ikapungua. Hata hivyo tawi la mti likiangukia waya, mtaa huwa giza. Kwa ajili hiyo, na kwa hofu ya radi wakati wa masika, mhudumu mwangalifu huchomoa nyaya zote jioni. Mwalimu aliyeiagiza kompyuta kuamka ataka waya ubaki mahali pake. Nani ana haki?

Mimi, usiku wa ngurumo, nasimama upande wa mhudumu. Nakala iliyokosekana leo yaweza kufanywa kesho. Kompyuta iliyoungua hainunuliwi kesho. Tena programu za ratiba zaweza kuambiwa hivi: wakati ukipita mashine ikiwa imezimwa, kazi ifanywe mara iwashwapo. Mwalimu aandike agizo hilo, amwache mhudumu achomoe waya kwa amani. Na nakala isikae ndani ya kompyuta ile ile, maana radi haichagui. Iwekwe katika flashi ambayo asubuhi huchomolewa na kutunzwa chumba kingine.

Iko kazi moja nisiyokubali ifanywe usiku pasipo mtu, nayo ni kufuta. Kunakili mara mbili hakudhuru kitu. Lakini mashine iliyoagizwa kufuta mafaili ya zamani kila mwisho wa mwezi itafuta hata kama tarehe yake imeharibika. Na betri ya sarafu ikichoka, tarehe yaweza kurudi nyuma miaka mingi. Kuwapelekea wazazi ujumbe wa matokeo ni vivyo hivyo: ukienda kwa mzazi asiyehusika, haurudi.

Baada ya kazi, programu huandika orodha ya iliyofanyika, pamoja na saa na dakika. Orodha hiyo haina faida isiposomwa. Katika shule zetu mna zamu za kupiga kengele na kufagia. Ningependa iwepo na zamu ya wanafunzi wawili wa darasa la sita, wasimame asubuhi mbele ya mwalimu, wasomewe mstari wa mwisho, wauandike katika daftari: tarehe, saa, mafaili mangapi yamenakiliwa. Siku ambayo mstari haupo, waandike haupo, na mwalimu anakili kwa mkono kabla ya kengele ya kwanza.