Banda Moja, Mashine Tatu na Mama Watoto

Mwezi huu tuachane kidogo na sms za usiku na nani kampigia nani simu. Tuongee kuhusu banda. Ndiyo, banda! Wengi mnadhani ndoa za vijana zinatikiswa na nyumba ndogo tu, kumbe nyingine zinatikiswa na mashine ya kuranda mbao.

Twende Keza, kule Ngara mkoani Kagera. Chukua mume na mke vijana. Bibie mwalimu, bwana ana kazi ya ofisini, ila jioni na Jumamosi ni fundi samani, na hela ya vitanda na makabati ndiyo inayosogeza maisha. Uani kuna kibanda cha mita 3 kwa 4. Humo ndani kuna msumeno wa mezani, mashine ya randa na drili ya kusimama, zote zimefungwa bolti kwenye zege. Sasa maharage yamevunwa, magunia yanataka pa kulala. Pikipiki inanyeshewa. Bibie naye anataka kona ya cherehani, maana ana wateja wa sare za shule. Akiuliza anajibiwa, "Mashine hazihami." Hapo bifu limeshaanza.

Kaka yangu, zinahama. Tena hata wewe zikihama unafaidika. Piga hesabu ya mbao ya futi 12: kabla haijaingia kwenye msumeno inataka futi 12 nyuma, ikimaliza inataka futi 12 mbele. Jumla 24. Banda lako refu kabisa lina futi 13! Kwa hiyo ukiifunga mashine katikati, mbao ndefu utaishia kuikata vipande kabla ya wakati wake. Mashine inayosogea unaileta kwenye mstari wa mlango na dirisha, mbao inaingilia dirishani na kutokea mlangoni. Ukimaliza unairudisha ukutani.

Usikimbilie kuweka matairi manne chini ya mashine ukadhani kazi imekwisha. Msumeno unaocheza huku unakata ni hatari tupu. Mashine ikifanya kazi isimame kwa miguu yake yenyewe, matairi yaguse sakafu wakati wa kuhama tu. Njia rahisi ni ya toroli. Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya skwea paipu, pana kuliko mashine yenyewe. Upande mmoja aweke matairi mawili yasiyozunguka, yakae juu ya sakafu kwa milimita chache. Upande wa pili aweke mpini. Ukinyanyua mpini, matairi yanashuka na kubeba mzigo, unasukuma. Ukiushusha, mashine inakaa kimya mahali pake.

Ila kuna mashine huwezi kuinyanyua hata ukila ugali wa watu watatu. Hiyo unaiinua kwa mtaimbo kidogo kidogo, huku mwenzako anaingiza kabari, halafu unapitisha vipande vya bomba chini yake. Isukume taratibu, bomba linalobaki nyuma unalirudisha mbele. Vidole vikae mbali, jamani.

Kama unataka matairi manne yanayobeba muda wote, labda kwa meza ya kazi, kumbuka sakafu zetu hazijanyooka. Tairi moja litaning'inia hewani na matatu yatabeba kila kitu. Meza ya kilo 150 nunulia matairi ambayo kila moja linahimili kilo 50 au zaidi, achana na hesabu ya kugawa kwa nne. Chagua makubwa, madogo yanakwama kwenye kila kokoto. Kama sakafu ni udongo, mimina zege hata njia mbili tu za kupitia. Na drili ya kusimama, ambayo uzito wake uko juu kama mtu aliyebeba ndoo kichwani, isukume ukishika chini. Ukishika kichwa itakulalia.

Halafu umeme. Mashine ya feisi moja unachomoa plagi, unahama. Ya feisi tatu usijifanye mjuaji, mwite fundi umeme mwenye leseni akuwekee soketi yake. Na zote, narudia zote, ziwe na waya wa ethi, kwa sababu ukishaiweka kwenye matairi ya mpira huwezi kutegemea sakafu ikuokoe umeme ukivuja. Waya usiburuzwe chini ya matairi.

Pikipiki itoke nje kabla msumeno haujawashwa. Petroli, cheche na vumbi la mbao havikai chumba kimoja. Magunia yapandishwe kwenye chaga, yafunikwe.

Mkishamaliza fremu, msikimbilie kupanga vitu. Chukueni kopo la rangi, mchore sakafuni mahali pa kila mashine ikiwa imelala: msumeno hapa, randa pale, magunia kule, cherehani karibu na dirisha penye mwanga. Bwana apime kwa futi kamba. Brashi ashike bibie.