Kodi ya majengo: tulipe, lakini tuulize

Mtu anaponunua umeme wa LUKU kwa mara ya kwanza katika mwezi, hukatwa kwanza kodi ya majengo. Kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500. Kwa nyumba ya ghorofa katika majiji, manispaa na miji ni shilingi 7,500 kwa kila sakafu. Asiponunua umeme mwezi huu, deni linamngoja mwezi ujao. Makato haya yanamgusa karibu kila muumini mwenye umeme nyumbani, lakini ni nadra kuyasikia yakijadiliwa katika jumuiya ndogondogo zetu. Tunaona kwamba Mafundisho Jamii ya Kanisa yana neno la kusema hapa.

Tuanze na lisilo na ubishi. Kulipa kodi ni wajibu wa dhamiri. Mtume Paulo anawaagiza Warumi wamlipe kodi anayestahili kodi (Rum 13:7), na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inaweka kulipa kodi pamoja na kupiga kura na kuilinda nchi. Zahanati, barabara ya mtaa na madarasa havijengwi kwa maneno. Anayekwepa kodi anamtwisha jirani yake mzigo wake.

Lakini wajibu wa raia kulipa unakwenda sambamba na wajibu wa serikali kutoza kwa haki na kutumia kwa uaminifu. Yohane Mbatizaji hakuwaambia watoza ushuru waache kazi yao. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa (Lk 3:13). Baba Mtakatifu Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alionya kwamba dola inatenda isivyo haki inapozinyonya mali za watu kwa jina la kodi. Yohane XXIII, katika Mater et Magistra ya mwaka 1961, alifundisha kwamba msingi wa kodi ya haki ni mzigo kulingana na uwezo wa anayeubeba.

Kwa kipimo hicho, tuitazame kodi yetu. Kabla ya kuhamia LUKU mwaka 2021, nyumba ya kawaida ilitozwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Ilipohamia huko ikawa 12,000. Mwaka 2023 ikapanda hadi 18,000, na kila sakafu ya ghorofa ikatoka 60,000 hadi 90,000. Hilo la mwisho ni ongezeko la nusu nzima kwa mara moja. Mtu anaweza kusema kwamba 1,500 si kitu. Kwa mwenye mshahara, huenda. Kwa mama anayeuza vitumbua na kununua umeme wa elfu mbili, ni sehemu kubwa ya umeme wake.

Tena kiwango ni kimoja bila kuangalia thamani. Nyumba ya vyumba viwili Mbagala na jumba la kifahari lisilo na ghorofa Masaki hulipa sawa. Mseminari makini anaweza kutukumbusha kwamba hata Torati iliagiza nusu shekeli kwa kila mtu, tajiri asizidishe wala maskini asipunguze (Kut 30:15). Ni kweli, lakini ile ilikuwa fidia ya nafsi, ishara kwamba mbele za Mungu hakuna nafsi yenye bei kubwa kuliko nyingine. Sheria hiyohiyo ya Musa, ilipokuja kwenye sadaka, ilimruhusu asiyeweza kumudu mwanakondoo alete ndege wawili (Law 12:8), na ndiyo sadaka Maria na Yosefu waliyotoa hekaluni (Lk 2:24). Familia Takatifu yenyewe ilipimiwa kwa kadiri ya uwezo wake.

Kuna pia suala la mpangaji. Kodi hii kwa sheria ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Aliambiwa apatane na mwenye nyumba ili arudishiwe. Tunajua jinsi mpangaji anayechelewa kodi ya chumba asivyo na nguvu ya kudai shilingi 1,500. Katoliki mwenye nyumba ya kupangisha asisubiri kudaiwa: aipunguze fedha hiyo kwenye kodi ya chumba. Vivyo hivyo, sheria inatoa msamaha, kwa masharti, kwa wazee wenye umri wa miaka 60 na zaidi na kwa watu wenye ulemavu. Wengi hawajui, au hawawezi kufika ofisini kuuomba. Vijana wa jumuiya wanaweza kuwasaidia wazee wao kuufuatilia. Hilo nalo ni tendo la huruma.

Upande wa matumizi ndio mzito zaidi. Hadi mwaka 2016 halmashauri zilikusanya kodi hii zenyewe. Tangu hapo ukusanyaji ulipelekwa Mamlaka ya Mapato, na fedha zinaingia Hazina. Ukusanyaji umerahisika, lakini uzi unaomuunganisha mlipaji na barabara ya mtaa wake umekatika. Pius XI, katika Quadragesimo Anno ya mwaka 1931, alieleza kanuni auni: lile ambalo ngazi ya chini inaweza kulifanya, ngazi ya juu isilinyang'anye. Mwananchi huuliza kwa urahisi zaidi fedha inayotumika karibu naye.

Fedha zinazobaki halmashauri nazo zinahitaji macho. Asilimia 10 ya mapato ya ndani imetengwa kisheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa ili utaratibu wake upangwe upya, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonyesha madeni yasiyorejeshwa na vikundi vyenye mashaka. Walioumia ni vikundi vya kweli vilivyokuwa vikisubiri zamu.

Basi tuulize. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila miezi mitatu, na humo mapato na matumizi husomwa. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu hutolewa hadharani kila mwaka. Wangapi kati yetu huhudhuria? Anayelalamika kwenye daladala na asionekane mkutanoni hajatimiza nusu ya wajibu wake.

Na tuanzie nyumbani mwa Bwana. Sheria inasamehe nyumba za ibada, si majengo ya biashara. Parokia yenye vibanda vya kupangisha ilipe kama wengine. Mahesabu ya zaka na michango yasomwe waumini wakisikia, na yabandikwe ubaoni. Padre mtarajiwa ambaye hajajifunza kutoa hesabu ya sadaka ya jumuiya hatakuwa na uso wa kumwomba diwani hesabu ya halmashauri.

Tunaiomba Serikali iitazame upya kodi ya majengo ili ifuate thamani ya nyumba, imwangukie mmiliki badala ya mpangaji, na sehemu yake kubwa irudi mahali ilipotoka. Hadi hapo, tuendelee kulipa, na kila mkutano wa kijiji au mtaa unapoitishwa, twende na swali mkononi.