Kiswahili katika muziki wa michezo ya kompyuta: haki ya msanii huamuliwa kabla ya kuingia studio

Na Mwandishi Wetu

Kila inapokaribia Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, hutajwa mahali ambako lugha yetu imefika: Umoja wa Afrika, Jumuiya ya Afrika Mashariki, SADC na vyuo vikuu vya ng'ambo. Kuna mahali pengine pasipotajwa sana, ingawa hapo Kiswahili kimesikika kwa takriban miaka 20 katika nyumba za watu wasiojua neno jingine lolote la lugha hii. Ni ndani ya mchezo wa kompyuta.

Mchezo huo ni Civilization IV, uliotolewa nchini Marekani mwaka 2005. Ni mchezo wa mikakati unaofuata historia. Mchezaji huanza na makazi madogo enzi za kale, akajenga miji, akafanya biashara, akapigana au akapatana na majirani, hata akafikia zama za vyombo vya anga. Anapoufungua, kabla hajaanza kucheza, husikia kwaya ikiimba Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Wimbo huo unaitwa "Baba Yetu". Mtunzi wake ni Mmarekani Christopher Tin, aliyesoma Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na Soren Johnson, aliyekuwa mbunifu mkuu wa mchezo. Walioimba toleo la mchezo ni Talisman, kikundi cha waimbaji kutoka chuo hicho hicho. Kwa upande wa maneno, jina la Chris Kiagiri hutajwa pamoja na la Tin.

Februari 2011 wimbo huo ulitunukiwa tuzo ya Grammy katika kipengele cha upangaji wa muziki unaosindikiza waimbaji, ukawa wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kupata heshima hiyo. Msomaji atauliza: mchezo ulitoka mwaka 2005, kwa nini tuzo ikaja mwaka 2011? Jibu lake ndilo kiini cha uchambuzi huu. Kilichoshinda ni toleo lililorekodiwa upya, safari hii pamoja na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini, kwa ajili ya albamu ya mtunzi mwenyewe, Calling All Dawns ya mwaka 2009, yenye nyimbo 12 katika lugha 12. Kwa maneno mengine, utunzi uliendelea kuishi nje ya mchezo. Mtunzi aliyeuza haki zake zote kwa malipo ya mara moja, bila sharti lolote, hawezi kufanya hivyo pasipo idhini ya mnunuzi.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili linawahusu wasanii wetu, ni vema kutazama jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Filamu ina mwanzo na mwisho unaojulikana hadi sekunde, na mtunzi huipima kama fundi cherehani apimavyo kitambaa. Mchezo wa mikakati waweza kuchezwa kwa makumi ya saa, wala hakuna ajuaye mchezaji atafanya nini dakika ijayo. Kwa sababu hiyo, vipande vya muziki hutungwa ili virudiwe bila kiungo kusikika wala sikio kuchoka. Aghalabu hurekodiwa kwa matabaka, yaani ngoma peke yake, nyuzi peke yake na sauti za watu peke yake, ili programu iongeze tabaka vita vinapozuka na kulipunguza amani inaporejea. Katika Civilization V ya mwaka 2010, kila kiongozi ana muziki wa amani na muziki wa vita. Civilization VI ya mwaka 2016 iliendelea mbele zaidi: muziki wa kila taifa hukua katika hatua nne, tangu enzi za kale hadi zama za atomiki, ukianza na ala chache na kuishia na okestra nzima.

Ni katika hatua ile ya kwanza ndipo mpiga ala ya asili anapohitajika, kwa kuwa enzi za kale za taifa lolote la Afrika haziwezi kusikika kwa piano. Mtunzi aliyeko ng'ambo ana njia mbili. Anaweza kumwajiri mpigaji, au anaweza kununua maktaba ya sauti, yaani mkusanyiko wa noti za ala fulani zilizorekodiwa moja moja, ambazo yeye huzipanga kwa kibodi. Njia ya pili ni rahisi zaidi kwake. Hata hivyo, kila maktaba ya namna hiyo ilianza na mtu aliyeketi mbele ya maikrofoni. Mpiga kanuni au zeze anayepiga noti zote za ala yake kwa nguvu mbalimbali, akalipwa kwa siku na kuondoka, huenda miaka ijayo akashindana sokoni na sauti ya vidole vyake mwenyewe. Hilo si kosa la kisheria iwapo alitia saini akijua. Tatizo ni pale asipojua.

Upo pia ugumu wa kiufundi ambao kwa maoni ya mwandishi haujapewa uzito unaostahili. Ilimba na zeze za Wagogo hapa Dodoma hazikupangwa kwa kipimo cha sauti cha piano. Fundi wa studio anayetaka ziingiane na okestra hushawishika kuzibadili, na msanii anayetaka kazi hukubali. Mpigaji huwekewa visikilizio vyenye mlio wa kuhesabu mapigo, naye aliyezoea kuongozwa na miguu ya wachezaji wa ngoma hulazimika kuifuata mashine. Stadi hiyo hufundishika, na vyuo tunavyo: TaSUBa mjini Bagamoyo na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi Zanzibar, ambako udi, kanuni na fidla hufundishwa kwa utaratibu. Mhitimu anayejua kupiga kwa mapigo ya mashine, na pia kumweleza fundi kwa nini ala yake isibadilishwe sauti, ana thamani kubwa zaidi studio.

Kwa upande wa sheria, Tanzania haiko mikono mitupu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na kwa hakishiriki inamtambua pia mwimbaji na mpigaji ambaye hakutunga. Aidha, sheria hiyo ina sehemu mahususi kuhusu sanaa za jadi: anayezitumia kwa faida nje ya mazingira yake ya asili anatakiwa kupata idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa. Kenya nayo ilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni mwaka 2016. Wimbo wa mavuno wa kijiji chochote hauwi mali isiyo na mwenyewe kwa sababu tu mtunzi wake hajulikani.

Ni kweli kwamba sheria ya nchi moja haivuki mipaka yenyewe, na kampuni ya michezo iliyoko Marekani haitakuja kuomba kibali kwa kitu ilichokinunua tayari kwenye maktaba ya sauti. Kingine kinachosahaulika ni kwamba muziki wa mchezo unaochezwa sebuleni kwa kawaida hauleti mirabaha kama wimbo upigwao redioni, kwa kuwa hiyo si hadhara. Hivyo karibu fedha yote ya msanii imo katika malipo ya awali na katika maneno ya mkataba.

Maneno hayo si mengi. Je, rekodi itatumika katika mchezo huu pekee, au pia katika matangazo, matoleo yajayo na albamu? Je, noti zake zaweza kukatwa na kuingizwa katika maktaba ya sauti, au kutumiwa kufundishia programu za akili unde? Nani anabaki na utunzi? Jina la msanii litaandikwaje katika orodha ya washiriki? Swali la mwisho huonekana dogo, lakini orodha hiyo ndiyo kumbukumbu atakayoionesha anapotafuta kazi nyingine au anapodai haki yake. Kusajili kazi COSOTA kabla ya kuipeleka kwa mnunuzi humpa mtunzi ushahidi wa tarehe, na rasimu ya mkataba husomwa na mwanasheria kabla ya saini, si baada.

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri, kwa kuwa mashine zilikuwa huko. Leo mashine zipo Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, na faili hutumwa ng'ambo kwa intaneti kabla chai haijapoa. Mfululizo wa Civilization nao umekwisha hamia lugha nyingine: wimbo mkuu wa toleo la sita, ambao pia ni wa Tin, ni wa Kiitaliano, na ule wa toleo la saba la mwaka 2025 ni wa Kigiriki cha kale.