Hesabu za Chuma Zifundishwe Tabora

Wahunzi wa Unyamwezi walifua majembe yaliyouzwa katika njia ya misafara tangu kale. Reli iliyofuata njia hiyo ilifika Tabora mwaka 1912, ikaja na kazi mpya za chuma. Shingo ya ekseli ya behewa husuguliwa kwa rola ngumu inayolaza vinundu bila kunyoa chuma, nayo ikastahimili nyufa. Lakini mgandamizo ukizidi, uso hubanduka. Leo kompyuta huweza kukadiria kiasi kifaacho kabla chuma hakijaguswa.

Ni dhahiri basi kwamba hesabu hizo hazina budi kufundishwa katika chuo cha reli cha Tabora, sambamba na kazi ya karakana. Kompyuta haichukui nafasi ya fundi. Humwepusha kubahatisha kwa mali ya umma.